Mimi Niliyepiga Nduru

Jumatatu, 1 Septemba

Sukari asubuhi 12. Sindano paja la kushoto. Mwanangu Talaso hakulia, alifunga tu macho akahesabu kwa Kiborana mpaka tano. Uji bila sukari. Amemaliza wote.

Nimeongeza maji kwa nyungu. Chupa ya insulini inakaa ndani ya chungu kidogo, chungu kidogo kinakaa ndani ya nyungu kubwa, katikati ni mchanga wa mto. Mchanga ukikauka, joto la huku linaharibu dawa. Kwa hivyo kila siku maji ya mchanga kwanza, maji ya chai baadaye.

Sista wa kliniki alisema niandike namba za sukari mbele ya kitabu hiki. Naandika. Huku nyuma kurasa ni tupu, nikaona niweke mengine. Niliishia kidato cha pili lakini mwandiko wangu haujaharibika. Hakuna atakayesoma.

Akko Gumato alipita na mitungi yake ya maziwa ya ngamia. Ni nyanya wa kila mtu huku mtaani Bulla Pesa, ndiyo maana hata wasio Waborana wanamwita Akko. Nilikuwa nje naanika nguo. Nilimwona kwenye kona nikaingia ndani na nguo mbichi mkononi. Nikasimama nyuma ya pazia mpaka apite.

Mtu mzima. Namkimbia mwanamke mzee.

Jumatano, 3 Septemba

Kliniki. Sista Akiru alitazama namba zangu akasema mwandiko huu unafaa ofisi. Nilifurahi siku nzima.

Nilimuuliza tena lile swali. Hii ni mara ya nne. Ni nini kilimfanyia mtoto wangu hivi. Leo hakukuwa na foleni ndefu, akachora kwa kalamu kwenye boksi tupu la glavu. Kongosho hapa, nyuma ya tumbo. Ndani yake seli zinazotengeneza insulini. Halafu akachora askari wa mwili, wale wanaozunguka na damu. Kuna wanaoua. Kuna wengine hawaui kabisa, wanaitwa seli T saidizi. Kazi yao ni kumtambua adui na kupiga nduru. Nduru ikisikika, wauaji wanatoka. Bila nduru, wengi wao wanakaa tu.

Kwa Talaso, zile saidizi zilionyeshwa kipande cha kongosho lake mwenyewe, zikadhani ni mgeni. Zikapiga nduru. Wenzao wakaja mbio wakachoma boma lao wenyewe.

Nikasema, kwa hivyo si jicho la mtu. Sista alinitazama kidogo. Akasema, "Mama Talaso, si jicho. Si sukari aliyokula. Si wewe. Ni mwili umekosea, na kwa nini umekosea hata wenye vitabu vinene hawajamaliza kujua."

Nimekunja lile boksi nikaliweka kwa mkoba. Njiani nilikuwa mwepesi. Si wewe, amesema si wewe. Nikafika kona ya soko la maziwa na wepesi ukaisha.

Maana mimi nilisema ni jicho. Na nilitaja jina.

Ijumaa, 5 Septemba

Asubuhi 10. Nzuri.

Mama Rahma alikuja kabla ya adhuhuri. Ni jirani yangu, na ndiye mkubwa wa akina mama wa maziwa. Siku ile Talaso alipozimia, pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva mno, huyu ndiye aliyemtupa begani akakimbia naye mpaka barabarani. Lazima niandike hilo kwanza. Nampenda.

Alileta habari kama mtu anayeleta zawadi. Siku ya nne sasa hawajaonja kifuniko cha Akko Gumato.

Mtu asiyejua maziwa hataelewa hapo. Akina mama wanakusanya maziwa yao kwenye kopo moja kubwa la kwenda Nairobi na basi. Yakiwa ya mmoja yamechacha, yote yanaharibika. Kwa hivyo kila mmoja anamimina kidogo kwenye kifuniko cha mtungi wake na mwenzake anaonja. Akisema hayajachacha, yanamwagwa pamoja. Kukataliwa baada ya kuonjwa ni bahati mbaya ya siku hiyo. Kukataliwa bila kuonjwa ni kuambiwa hatutaki mkono wako.

"Ni kwa ajili yako, dadangu," Mama Rahma alisema. "Tutakunywaje maziwa ya mtu aliyemla mtoto kwa jicho?"

Nikamimina chai. Nikasema, Sista anasema ni mwili. Nilisema kwa sauti ndogo, naye alikuwa anapuliza kikombe. Hakusikia. Sikurudia.

Akasema Akko alirudi nyumbani na mitungi miwili imejaa. Yakamchachia. Mbwa wa mtaa ndio waliokunywa, watu wakacheka ati mbwa hao nao watakonda.

Nilitabasamu. Nimeandika ili nisije nikasahau. Nilitabasamu.

Jumamosi, 6 Septemba

Asubuhi 9. Jioni 15. Sijui nimekosea wapi.

Mwezi wa saba nilimchapa kwa kukojoa kitandani. Siku tatu, kwa mwiko. Alikuwa anakunywa maji kama mtu aliyetoka Sericho, kule mbali jangwani, kwa miguu, na mimi nikamficha kikombe. Ana miaka mitano.

Leo aliomba maji. Kabla sijajibu aliangalia mkono wangu.

Jumanne, 9 Septemba

Talaso amelala, ndiyo naandika.

Nilikuwa kwenye bomba la maji, Talaso akicheza kando ya barabara na wenzake. Nikasikia jina langu. Sauti ya mzee. "Mama Talaso. Mama Talaso, njoo."

Nilikimbia. Talaso ameketi chini, jasho limemlowesha, midomo inacheza. Ng'ambo ya barabara Akko Gumato amesimama, amempa mtoto mgongo. Leso yake ameivuta mpaka imefunika macho. Anapiga kelele akiwa hivyo, anaongea na ukuta.

"Mtoto wako anatetemeka. Mimi siko karibu naye. Watu wote wanaona siko karibu naye. Njoo."

Nikampima. 2.8, imeshuka mno. Maji ya sukari, vijiko vidogo vidogo. Nilimkosea. Nilidunga sindano na uji hakumaliza, nikasema atakula baadaye. Baada ya dakika kumi na tano, 5. Akaanza kulia na kuomba mandazi. Alhamdulillahi.

Nilipotoka nje Akko hakuwako. Mtungi wake mmoja ameuacha pale alipousimamisha. Ulikuwa umejaa. Nikaubeba nikauingiza ndani.

Kama angenyamaza angeenda zake na hakuna mtu angemlaumu. Huyu ndiye aliyenishika mgongo nilipokuwa namzaa Talaso. Leo anaogopa kumwangalia.

Jumatano, 10 Septemba

Mtungi uko kwenye kona. Maziwa nimeyachemsha, nimemwaga mengine, mengine nimekunywa. Ndani unanukia moshi. Akko huwa anaufukiza kwa kijinga cha mti anaoujua yeye, ndiyo maana maziwa yake hukaa bila kuchacha kuliko ya wengine. Nyumba yangu yote sasa inanuka kama yeye.

Kuna kitu sijaandika. Nimekizunguka siku kumi.

Kwetu mzee akimsifu mtoto lazima ateme kidogo. Tuf, tuf, juu ya kichwa. Ni baraka. Sifa isipotemewa inageuka jicho, inabaki mwilini mwa mtoto kama mwiba. Ndivyo tulivyolelewa wote.

Mwaka jana kulikuwa na kikohozi, watoto wamejaa wodini. Redio ilisema mate yana viini. Akko akaja kama kawaida, akamshika Talaso kichwa, akakusanya midomo. Nikamvuta mtoto. Nikasema, Akko, tafadhali usimtemee, mate yana viini, sisi tuliosoma tunajua.

Tuliosoma. Kidato cha pili.

Alicheka. Akajipangusa midomo kwa leso. "Sawa, mwalimu," alisema. Tangu siku hiyo kila akimsifu Talaso anaweka kiganja mdomoni. Na mwezi wa tano mwaka huu akasema amenona kama ndama wa masika, kiganja kikiwa mdomoni, kwa sababu mimi nilikataza.

Mwezi wa saba mtoto akaanza kukonda. Nilimpeleka asomewe Kurani, nikachelewa kumpeleka apimwe. Pale wodini, Talaso amelala na mpira wa dawa mkononi, Mama Rahma aliniuliza nani alimsifu. Nikasema: Akko Gumato alimsifu na hakutema.

Maneno matano. Yote ya kweli. Nilichokiacha ndicho kilikuwa uongo.

Sikusahau. Hiyo ndiyo mbaya. Nilikumbuka pale pale nikiwa nasema. Lakini ningesema lile lingine, basi mtu aliyelifungulia jicho mlango ni mimi. Sikuweza kubeba hilo na mtoto amelala vile. Nikampa Akko alibebe.

Alhamisi, 11 Septemba

Asubuhi 11. Paja la kulia.

Nilienda kuchukua vikaratasi vya kupimia. Nikangoja mpaka watu waishe. Nikamuuliza Sista, ile seli inayopiga nduru, huwa inajua imekosea?

Akasema haijui. Haimuoni mtu kamili, inaonyeshwa kipande tu. Kwa kipande hicho inaamua.

Nikauliza kama yenyewe inaua. Akasema nilikuambia, hiyo mara nyingi haishiki silaha. Inasema tu, wengine ndio wanafanya.

Nikauliza hakuna wa kunyamazisha? Alishangaa kidogo, akaweka kalamu chini. Akasema wako. Tena ni wa ukoo huo huo wa saidizi. Kazi yao ni kwenda kwa wengine na kuwaambia acheni, huyu ni wetu. Kwa Talaso hao hawakuwa na nguvu ya kutosha.

Wakipata nguvu, kongosho litarudi?

"Yaliyoungua hayarudi, Mama Talaso. Lakini kuna yaliyobaki."

Akaniuliza kwa nini nauliza hivyo leo. Nikasema nataka tu kujua. Nimetembea kutoka kliniki mpaka nyumbani bila kumwangalia mtu.

Mimi sikumgusa Akko. Sikumtukana. Sikumwaga hata tone la maziwa yake. Nilionyesha watu kipande.

Jumapili, 14 Septemba

Mama Rahma tena. Alhamisi akina mama wa maziwa wanakaa kikao. Wataamua Akko aende kwa mwanawe Sericho, gari la Jumamosi. Ati mpaka watu wapoe. Kila mtu anajua mzee akienda Sericho wakati huu wa kiangazi harudi. Mwanawe anahama na ngamia wakitafuta maji, yeye atabaki na nani.

"Wewe usije kama huna nguvu," aliniambia. "Tutasema kwa niaba yako."

Jioni Baba Talaso alipiga simu kutoka njiani, anapeleka ng'ombe Nairobi na lori. Nilimweleza yote. Yote, hata ya viini. Kisha akasema wacha ipite, watamwita mke wangu mwongo na mimi natafuta mizigo kwa watu hao hao. Alisema kwa upole. Si mtu mbaya.

Akauliza namba. Nikasema 13. Akasema mbona imepanda.

Jumatano, 17 Septemba

Nilienda kurudisha mtungi. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikafika mlangoni, nikasikia anaongea peke yake ndani, ama anaswali, sijui. Viatu vyake viko nje, vimepangwa vizuri. Kando kuna bunda la kuni zile za kufukizia, amelifunga tayari kwa safari.

Nikaweka mtungi chini nikarudi haraka haraka. Maneno yote nimerudi nayo.

Talaso aliniuliza kwa nini Akko hamtazami. Ana makosa gani yeye. Nikamwambia huna makosa. Akauliza basi nani anayo.

Nikampa kazi ya kunyunyizia nyungu maji.

Alhamisi, 18 Septemba

Nitaandika yote, hata kama mkono utachoka.

Wanakaa chini ya mabati pale maziwa yanapokusanywa. Walikuwa kama ishirini, kila mmoja juu ya mtungi uliopinduliwa. Akko alikuwa ukingoni, leso machoni, mtungi wake mmoja mbele ya miguu. Yaani bado alikuja na maziwa. Siku zote hizo amekuwa akija nayo.

Mama Rahma alifungua kwa bismillahi. Akasema habari ya Sericho, kwa heshima, kama mtu anayemtafutia mzee mapumziko. Akamuuliza Akko ana neno.

"Sericho hakuna maji ya kutosha mimi na ngamia pamoja," Akko alisema. "Na ngamia wana maana zaidi." Wengine walicheka kisha wakajizuia.

Nikasimama. Mimi siuzi maziwa, sina haki ya kusimama pale. Lakini mmoja akasema mama wa mgonjwa aseme, wakanipa nafasi, wakanitazama kwa huruma. Ile huruma ndiyo ilinichoma kuliko yote. Walidhani naja kuongeza kuni.

Nilisema. Nilianza na kikohozi cha mwaka jana. Nikasema nilimvuta mtoto. Nikasema yale maneno ya tuliosoma, nikayarudia vile vile nilivyoyasema. Nikasema Akko hakutema kwa sababu mimi nilimkataza, na wodini nilikumbuka na nikaficha.

Nikasikia maziwa yakidondoka mahali.

Mmoja nyuma akacheka. "Ati viini."

"Ndio wasomi wetu hao," mwingine akasema. "Wanafunga mlango kisha wanauliza mbona mgeni hakuingia."

Mama Rahma hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mbona hukuniambia pale hospitalini?"

Nikasema niliona haya.

"Nilimbeba mtoto wako mimi."

Nikasema ndiyo.

Nikajaribu kueleza ya Sista. Nilikuwa nimekuja na lile boksi la glavu. Nikawaonyesha, hapa kongosho, hapa wapiga nduru, si jicho la mtu, hata angetema au asingetema ingekuwa vile vile. Mama mmoja mkubwa wa meno machache akaangalia mchoro kwa makini kweli. Akasema sawa, mwili ulikosea, na nani aliuambia mwili ukosee? Nikasema hata madaktari hawajui. Akasema, "Afadhali umesema hawajui." Sikuelewa kama yuko upande wangu.

Halafu Akko akaongea. Hakuongea na mimi. Hakuongea na mtu.

"Siku ile nilitaka kutema," alisema. "Mate yalikuwa yamejaa mdomoni. Nikakumbuka mwalimu amekataza. Nikameza."

Hapo nililia. Sikutaka. Kulia mbele za watu ni kama kuomba, na mimi sikuwa na haki ya kuomba.

Nikaenda pale aliposimamisha mtungi wake. Nikafungua, nikamimina kwenye kifuniko, mengine yakamwagika kwa nguo yangu. Nikanywa. Yalikuwa mazuri, yana ule moshi. Nikainua kifuniko nimpe mtu mwingine. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nilisimama hivyo muda mrefu sana. Mkono ukaanza kufa ganzi.

Mama Rahma akanyoosha mkono. Hakunitazama. Alionja, akakaa nayo mdomoni kama anavyofanya kila asubuhi, akameza.

"Hayajachacha," alisema.

Akabeba mtungi wa Akko mwenyewe akamwaga kwenye kopo.

Jioni 14. Nilichelewa kumpikia.

Jumamosi, 20 Septemba

Gari la Sericho limeondoka. Akko hakupanda.

Si wote. Wawili wametoa maziwa yao wakaanzisha kopo lao. Mama mmoja wa plot ya pili bado anamfunika mtoto wake mzee akipita. Nilidhani nikisema, yataisha. Nduru ilichukua siku moja kufika kila nyumba. Kutuliza nadhani nitaenda nyumba moja moja. Leo nilienda tatu. Moja walinipa chai. Moja walinisikiliza mlangoni. Moja walisema mama yuko sokoni, na niliona miguu yake chini ya pazia.

Najua pazia hilo.

Mama Rahma hajaja kwangu tangu Alhamisi. Namsikia akimwita paka wake ng'ambo ya ukuta. Nimekaa nikisikiliza. Ni haki yake.

Baba Talaso alirudi usiku wa jana, leo akaenda msikitini, akarudi. Hakusema kitu juu ya kikao. Lakini alijaza nyungu maji bila kuambiwa.

Jumatano, 24 Septemba

Kliniki. Sista anasema namba zinaanza kukaa sawa. Nikamuuliza kuhusu maziwa ya ngamia, maana kuna wanaoniambia nimpe hayo niache sindano. Akasema ni chakula, si dawa, sindano isiachwe hata siku moja. Nusu kikombe, pamoja na chakula, na niandike. Sawa.

Nikamwambia Sista nilichofanya. Sijui kwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama Akko anapata wateja. Nikasema wengi wamerudi. Akaandika tarehe ya kurudi kliniki kwenye kadi, akaniita anayefuata. Hakunihukumu, hakunifariji. Nilitoka nikiwa nimeshukuru.

Jumapili, 28 Septemba

Asubuhi 9. Paja la kushoto.

Niliamka nikamsuka Talaso, mistari minne. Nilikuwa nimekusudia kwenda mwenyewe, lakini Akko alipita kabla hatujatoka. Leso machoni, kama siku zote sasa. Nilitoka mpaka langoni. Sikuingia ndani.

Nikasema, Akko, salaam aleikum. Akajibu. Akasimama. Gari moja likapita, vumbi likatufunika sote, likashuka.

Nikasema nilikuwa nakuja kuomba msamaha, lakini si lazima unisamehe leo. Akasema, "Leo nina maziwa yanayongoja." Si kwa hasira. Nikamshika mkono mtoto nikamsogeza mbele.

Nikasema, Akko, mtemee.

Hakutoa leso. Akaniuliza, na viini? Nikafikiri ananicheka. Labda alikuwa ananicheka. Nikasema Akko, mtemee tafadhali.

Akaivuta leso polepole. Macho yake yamezoea giza, yalimwuma. Alimtazama Talaso kwanza, muda mrefu, toka nywele mpaka miguu. Amekonda, alisema. Kisha akasema lakini ana mistari mizuri. Akamshika kichwa kwa mikono miwili. Tuf, tuf. Kama mvua ile ya kwanza isiyolowesha hata vumbi.

Talaso alicheka, akasema yananitekenya.

Akko akabeba mitungi yake akaenda. Alipofika kona hakurudisha leso usoni.

Mchana 10. Jioni 9. Nusu kikombe cha maziwa. Nyungu imejaa. Nywele za mtoto leo sijaziosha.